Mwalimu wa Mazimwi

Kila nilipompelekea zimwi jipya, kabla hajatazama pembe wala meno, aliuliza: "Linakula nini? Na likishakula, linakwenda haja wapi?" Mara ya kwanza nilicheka. Yeye hakucheka. Alinirudishia karatasi yangu, nikashuka ngazi za jumba lake la Michenzani ghorofa tano nzima, na zimwi langu lisilo na choo mkononi.

Nilimwita Mwalimu, kama alivyoitwa na kila mtu, na hapa sitamwita vyengine. Kwao ni wapi na baba yake ni nani, hayo wanayo wenyewe, si yangu kuyatoa. Mimi nilimjua kwa kazi. Alikuwa amesomesha bayolojia mpaka akastaafu. Mimi ni mchoraji, napaka picha za kuwauzia wageni Mji Mkongwe: milango, punda, wanawake wenye makapu. Kwa miaka sita tulitengeneza pamoja kitabu cha mazimwi, na kwa miaka minne baada ya hapo hatukutengeneza kitu. Namwandika kwa sababu nimemkosa. Nimemkosa vibaya, kuliko nilivyodhani mtu anaweza kumkosa mtu asiye ndugu yake.

Asiyeujua mchezo wetu nimweleze kidogo. Watu watano au sita wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, anawaambia wenzake: mmeingia pangoni, kuna kitu kinapumua. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu huyo atafanya nini, kisha inarushwa dadu kuamua kama ataweza. Sasa msimulizi hawezi kuzua kila kitu papo hapo. Anahitaji kitabu cha kumwambia hicho kinachopumua ni nini, kina uhai kiasi gani, kinapiga kwa nguvu gani, na mtu atakiepuka vipi. Vitabu tulivyokuwa navyo vilitoka nchi za baridi. Tulicheza katika chumba kilichokuwa juu ya duka la fundi cherehani, jasho linatutiririka mgongoni, na kila wiki tunauawa na majitu ya theluji.

Mwalimu alikuja kwa fundi kupunguza gauni. Sisi juu tulikuwa tunazozana kuhusu joka fulani ambalo kitabu kilisema linaishi kwa kula wafalme. Tukasikia viatu ngazini, kisha sauti mlangoni: "Mnao wafalme wangapi?" Akaingia ndani. "Joka la ukubwa huo litawamaliza mwezi mmoja. Mwezi wa pili linakula nini?" Tulimpa kiti, maana hatukujua la kufanya. Wiki iliyofuata alirudi na daftari la shule lenye mistari, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika juu kabisa: Viumbe vya Kutisha vya Unguja, na Chakula Chao.

Alikuwa na maoni makali juu ya mambo ambayo wengine hatukujua kwamba yanahitaji maoni. Mpangilio wa kitabu, kwa mfano. Mimi nilitaka kufuata alfabeti kama vitabu vyote. Akasema mtu mwenye hofu hatafuti kwa herufi, anatafuta kwa pale alipo. Kwa hiyo sura zetu zikawa Darini, Kisimani, Mikokoni, Njiani, na Chini ya Kitanda, ambayo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Kila kiumbe alipewa kurasa mbili zinazotazamana, asizidishiwe hata mstari, ili msimulizi asifunuefunue huku wenzake wanangoja kufa. Nikichora mkia mrefu ukaingia katika maandishi, alichukua rula akanionyesha ulipotakiwa kuishia. "Kata," alikuwa akisema. "Mkia wako huo unanila sentensi zangu."

Uhai wa mazimwi aliupima kwa maharage. Kila zimwi lilipewa kikombe cha maharage, ukilipiga msimulizi anatoa kadhaa, yakimalizika limekufa. Nambari ikikaa vizuri mezani mara tatu ndipo aliiandika kwa wino. Kuna kiumbe mmoja wa darini ambaye alituua sote watano alasiri moja, chai haijapoa. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akampunguzia maharage kumi na mawili, akasema kiumbe asiyeepukika hana faida kwa mtu yeyote, hata kwake mwenyewe, maana atabaki peke yake na njaa.

Hilo ndilo lililokuwa sharti lake kubwa. Lazima iwepo njia ya kunusurika, na lazima mtu wa kawaida aiweze. Si upanga wa dhahabu wala maneno ya kichawi. Chumvi, pengine. Au kumsalimia. Au kumwachia chakula ukarudi nyuma bila kugeuka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alitwambia, basi kazi yetu ni kuwajulisha watu na mazimwi yao.

Na huyu mtu wa vipimo, aliyetaka kujua choo cha joka, alikuwa haketi akakipa kisima mgongo. Tulipokuwa tunachora sura ya Kisimani alisoma Ayatul Kursi kwanza, polepole, kila herufi kwa haki yake, kisha ndipo akaniambia nianze. Nilimtania kwamba mwalimu wa sayansi anaogopa ndoo. "Mie siogopi," alisema. "Mie mwangalifu. Mwoga anakimbia, mie nshakaa pazuri." Na yule mwenye mbawa, ambaye kila Mzanzibari anamjua na hapendi kumtaja, alikataa kabisa asiingie. Si kwa hofu. Alisema watu halisi wamepigwa na watu halisi kwa kudhaniwa kuwa ndio yeye, na kitabu chetu ni cha kuchezea.

Kwenye dadu alikuwa mwizi. Naliandika hilo kwa mapenzi yote. Yeye ambaye angekufutia ukurasa kwa nambari moja iliyokosewa, dadu yake ikianguka vibaya aliikamata na kusema, "Hiyo haihesabiki, imegonga kikombe." Kikombe kilikuwa upande wa pili wa meza. Tena hakuwahi kuua kiumbe chochote. Mhusika wake alikuwa mwuza maji anayefanya urafiki na kila kitu kinachotaka kumla, na mara nyingi kilimla.

Kusifu hakujua. Vidole vya kiumbe mmoja wa mikokoni alinirudishia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akautazama mchoro muda mrefu, akauweka juu ya meza taratibu, akasema, "Huyu anapumua." Basi. Nilitembea kutoka Michenzani mpaka Forodhani bila kuhisi miguu. Nimeuza picha nyingi tangu hapo, wageni wameniambia maneno makubwa kwa lugha zao, na bado ningewarudishia yote nisikie tena maneno yale mawili.

Sharti lake jingine lilikuwa kumsomea mwenyewe. Viumbe vingi tulivipata kwa watu, tukienda mashamba kuuliza. Mtu akishatupa habari zake, tunaandika, tunachora, kisha mmoja wetu anarudi kumsomea ukurasa wote, neno kwa neno, kabla haujapigwa chapa. Asipoukubali, hautoki. Mzee mmoja wa Bwejuu alitupa habari za vibwengo, mapepo wadogo wa baharini. Tuliporudi kumsomea, tukafika pale panaposema kibwengo hupenda samaki, akakunja uso. "Samaki kawaambia nani? Wao wenyewe wako baharini, samaki wamewachosha. Wanataka vitamu." Wiki tatu za kazi zilikwenda, maana nilikuwa nimemchora na samaki mdomoni na mifupa ya samaki pangoni kwake. Mimi nilinuna. Mwalimu alifurahi kama aliyepewa zawadi, akachana karatasi hapo hapo. "Unaona, Fundi?" aliniambia, maana mimi aliniita Fundi. "Tungemdhulumu."

Sasa nifike Chwaka, ambako sikutaka kufika.

Chwaka kulikuwa na mama mmoja mkulima wa mwani, mdogo kidogo kwa Mwalimu, mwembamba, mwenye maneno. Tulimwendea kwa ajili ya Chunusi, yule wa majini anayesemwa kuwavuta watu chini. Alitueleza yote huku anafunga mwani kwenye kamba. Alitueleza pia kwamba Chunusi alimchukua binti yake wa miaka kumi, zamani, maji yalipokuwa yanajaa. Alilisema hilo kama mtu anayesema jina la mtaa wake, kisha akaomba apokezwe kamba nyingine. Hatukumuuliza zaidi.

Siku ile ile wakapendana, yeye na Mwalimu. Sijui kwa nini watu wengine huingiana namna hiyo. Walicheka kwa vitu ambavyo mimi sikuviona. Tangu hapo Mwalimu, ambaye simu yake ilikuwa ya kupokelea tu, akawa anatuma ujumbe wa sauti mrefu. Mama yule alimletea pweza mkavu, Mwalimu akampelekea miwani ya kusomea na kanga. "Shoga yangu wa Chwaka kasema," alianza hivyo kila jambo. Nadhani Mwalimu alikuwa amekaa miaka mingi bila mtu wa kumwita hivyo. Watu walimheshimu mno, na anayeheshimiwa mno hatembelewi.

Ukurasa wa Chunusi aliuandika Mwalimu mwenyewe. Kwenye sehemu ya chakula aliandika: Huwapenda watoto wasiosikia la mkubwa. Ni mstari ambao mwalimu yeyote angeuandika. Umekaa tayari kwenye kalamu zao. Mimi niliusoma na sikuuona. Kazi yangu ilikuwa kwenda Chwaka kumsomea yule mama.

Sikwenda. Natamani ningekuwa na sababu ya maana. Siku ile nilikuwa napaka nywele za Chunusi. Nilikuwa nimegundua namna ya kuzifanya zielee ndani ya maji, kila unywele na mwanga wake, na mkono wangu ulikuwa umekubali kama usivyokubali kila siku. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho nywele zilikuwa bado. Mwalimu alipopiga simu kuuliza, nikamjibu, "Nshamsomea, Mwalimu. Kaukubali."

Nakala ishirini za majaribio zikapigwa chapa. Tukazipeleka Chwaka, Jumamosi asubuhi, katika darasa moja tuliloazimwa, vijana wa pale wakakaa kucheza. Mwalimu ndiye aliyekuwa msimulizi. Alikuwa amevaa gauni jipya. Shoga yake akaja na sahani ya mihogo ya nazi kuja kukiona kitabu, akasimama mlangoni anatabasamu, na Mwalimu, kwa kumwona, akachagua ukurasa wake. Akausoma kwa ile sauti ya darasani, iliyofika mpaka nyuma. Alipofika kwenye chakula, aliusoma na mstari ule.

Mama yule aliweka sahani mezani. "Wangu alisikia, Mwalimu," alisema. Si shoga. Mwalimu. "Nilimtuma mie. Nilisahau kamba, nikamwambia kimbia kalete kabla maji hayajajaa. Akakimbia." Akatengeneza kanga yake kichwani, akatoka.

Kijana mmoja alikuwa ameshika dadu mkononi, hakujua arushe au aweke.

Njiani Mwalimu aliniuliza, "Ulimsomea?"

"Nilimsomea."

"Na ule mstari?"

"Wote."

"Akasema nini?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Niliuona kabisa, nikaupita. "Hakusema kitu," nilisema.

Tukafika mjini. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Basi kaniogopa. Kasomewa mtoto wake ametukanwa, akanyamaza kwa sababu aliyeandika mwalimu." Akaongeza: "Miaka yote ile darasani, wakinyamaza nilidhani wamefahamu."

Nakala zote ishirini alizirudisha mkononi mwake, akaufuta ule mstari kwa wino mweusi, moja moja. Alikwenda Chwaka kuomba radhi, yule mama akamwambia yashapita, Mwalimu, na Mwalimu akarudi akiwa amekunjika zaidi kuliko alivyokwenda. Kisha akaacha. Hakugombana na mtu. Alinipa madaftari yake matatu, akasema, "Malizia weye, Fundi. Mie watu wananinyamazia." Jumamosi zikaja na kiti chake tupu. Tukajaribu kucheza. Hakuna aliyeuliza zimwi linakula nini, na mchezo ukafa wenyewe kabla ya mwezi kuisha.

Miaka minne nilikuwa napita Michenzani nikiinua kichwa kutazama dirisha la ghorofa ya tano. Nguo zimeanikwa, basi yupo. Nilikuwa nikichora punda wa wageni, nasikia anauliza huyu kala nini leo. Usiniambie kwamba ningeweza kupanda ngazi. Kila siku nilijua kwamba ningeweza. Kwanza nilimwogopa yeye. Baadaye niliogopa ile miaka, maana uongo wa siku moja unaungamika, lakini wa miaka minne utauanzia wapi?

Kilichonipandisha mwisho ni kikohozi chake. Fundi cherehani aliniambia Mwalimu alikuwa amelazwa wiki mbili kwa kifua na sasa yuko nyumbani. Nikaona kwamba ningeweza kuchelewa kabisa. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Mpwa wake alinifungulia mlango. Mwalimu alikuwa amekaa chini mkekani, sinia la mchele mapajani, anachambua. Amekonda. Miwani imekuwa minene.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Karibu. Umenenepa."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili. "Mwalimu, sikwenda."

"Wapi?"

"Chwaka. Siku ile ya kumsomea. Sikwenda kabisa. Nilikaa nyumbani nnapaka zile nywele, nikakudanganya. Na siku ile njiani, nikakudanganya tena."

Vidole vyake vilisimama juu ya mchele. Nje mtu alikuwa anapigia ukuta nyundo, akaacha, akaanza tena.

"Kwa hiyo hakuusikia," alisema.

"Hakuusikia mpaka uliposoma wewe."

"Hakuninyamazia."

"Hakukunyamazia, Mwalimu. Hakuulizwa."

Aliliweka sinia pembeni, kwa uangalifu, punje zisimwagike. "Kanipigia simu huyu mwanamke mpaka akachoka," alisema. "Sikupokea, nnaona haya. Kaja mpaka hapa, Ramadhani ya mwaka juzi, na pweza wake ndani ya kikapu. Nikamwambia huyu mtoto aseme sipo. Nilimsikia akishuka ngazi. Anashuka, anapumzika, anashuka." Akavua miwani. "Unakijua ulichoninyima?"

"Nakijua."

"Hukijui."

Nikamwomba anisamehe. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Alinitazama kwa yale macho yasiyo na miwani, kama anayetafuta kosa katika mchoro na hana haja ya kuharakisha. "Kusamehe kutakuja kwa wakati wake," alisema. "Kwanza Chwaka. Nipe mkono niinuke."

Mpwa wake alisema daktari amekataza. Mwalimu alikuwa tayari anavaa buibui. Garini alitazama dirishani safari nzima, na mimi nilikuwa mtu mwenye furaha, Mungu anisamehe, kwa sababu nimekaa kiti kimoja naye tena na bega lake linanigusa barabara ikipinda. Nilishaanza kupanga moyoni. Tutaingia, nitasema kosa langu mbele yao wote wawili, nitafokewa, tutaletewa chai, na baada ya chai atauliza madaftari yako wapi.

Tulipofika kwenye kichochoro cha yule mama, alitoa mkono wake katika mkono wangu. "Weye baki hapa," alisema.

Akaenda peke yake, akishikilia ukuta. Nilimsikia akipiga hodi, hodi ya sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nani?" ikatoka ndani.

"Mie, shoga yako."

Mlango ulifunguliwa. Sikuona uso wa mtu, niliona mkono tu ukimshika Mwalimu kwenye kiwiko na kumvuta ndani. Kisha wakaanza kusema wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, kisha nadhani walilia, kisha Mwalimu akacheka kile kicheko chake cha kuvulia miwani, na nikajua kwamba sasa ataniita. Nilijipangusa uso. Nilisimama palepale kichochoroni alasiri yote, naam yangu iko tayari mdomoni. Nikasikia vikombe. Nikasikia maji yakimiminwa. Magharibi ikaadhiniwa, taa ikawashwa ndani, mtu akaja kufunga mlango, nami nikaenda kutafuta gari la kurudi mjini.